Kutoka, Walawi au Kumbukumbu la Torati: kikundi chenu kianzie wapi kusoma sheria za Israeli?

Mara ya kwanza nilipoongoza kikundi cha Biblia kusoma Torati, yaani vitabu vitano vya kwanza vya Biblia, tulianzia Mwanzo tukaenda mbele kama wengi wanavyofanya. Tulikuwa watu kumi na wanne. Habari za Ibrahimu na Yusufu zilitubeba vizuri, Bahari ya Shamu tuliivuka kwa nyimbo, na Sinai tulifika wote. Baada ya hapo zikaja mbao za maskani na vitako vyake vya fedha, kisha figo mbili na mafuta yaliyo juu yake. Tulipofika Walawi sura ya 4 tulikuwa tumebaki watano.

Siku hizi watu wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia kwanza jambo ambalo mimi sikuwaambia wenzangu: Torati haina mkusanyo mmoja wa sheria. Inayo mitatu mikubwa, nayo inagusa mambo yale yale kwa sauti tofauti. Kuchagua mmojawapo uwe mlango wa kuingilia kunategemea watu uliokaa nao na mzigo waliokuja nao.

Wa kwanza ni Kutoka 20:22 mpaka mwisho wa sura ya 23. Wasomi huuita Kitabu cha Agano, jina linalotoka Kutoka 24:7, pale Musa anapowasomea watu chini ya mlima nao wakajibu kwamba watatii. Ni mfupi, mtu anaumaliza chai yake ikiwa bado ya moto. Wa pili ni Walawi chenyewe, sura 27: mwanzoni kazi ya madhabahu na makuhani, katikati unajisi na utakaso, na kuanzia sura ya 17 utakatifu unatoka hemani na kuingia shambani, sokoni na chumbani. Wa tatu ni Kumbukumbu la Torati 12 hadi 26. Huu ni mahubiri. Musa amezeeka, watu wako nchi ya Moabu ng'ambo ya Yordani, na sheria nyingi zinafuatana na sababu zake na lile neno linalorudi tena na tena: kumbuka.

Ukitaka kuonja tofauti kwa haraka, tazama Sabato kwenye Amri Kumi zenyewe. Kutoka 20:11 inasema pumzika kwa kuwa Bwana alifanya mbingu na nchi kwa siku sita. Kumbukumbu 5:14-15 ina amri ile ile kwa sababu nyingine: ulikuwa mtumwa Misri, basi mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Moja inatazama uumbaji, nyingine inatazama mgongo wa anayekufanyia kazi. Kama katika kikundi chenu kuna dada wa kazi ambaye hajui Jumapili wala Jumamosi, hizo aya mbili hazitamwingia kwa namna moja.

Deni na rehani

Naanza na deni kwa sababu ndilo lililofungua midomo kwetu.

Kutoka 22:25-27 inasema ukimkopesha maskini usimtoze riba, na ukichukua vazi lake kuwa rehani umrudishie kabla jua halijatua, maana ndilo pekee la kujifunika, atalalia nini? Akinililia nitamsikia, anasema Bwana, kwa kuwa mimi ni mwenye rehema. Sheria nzima imekaa juu ya kipande cha nguo na baridi ya usiku mmoja.

Mwaka 1960, kwenye ngome ndogo ya pwani ya Israeli iitwayo Mesad Hashavyahu, wachimbaji walipata vipande vya chungu vilivyoandikwa kwa wino, vya karne ya 7 KK. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wake. Anasema amemaliza kazi yake ya mavuno kama kawaida, na bado mtu mmoja aitwaye Hoshayahu mwana wa Shobai amelichukua vazi lake. Wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia. Anaomba arudishiwe. Hataji aya yoyote ya Torati, lakini ukisoma maneno yake kisha ukarudi Kutoka 22 unaona sheria hii ilikuwa inasema na watu wa aina gani.

Kumbukumbu inakwenda mbali zaidi. Sura ya 24 mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, maana ni kuchukua uhai wa mtu. Halafu mstari wa 10 na 11: ukimdai jirani yako usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje. Yeye mwenyewe ndiye atakayekuletea.

Kwetu yupo mama mshonaji. Alikuwa amekopa kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, akachelewa marejesho, na wadai wakaingia ndani mpaka chumbani. Walibeba mtungi wa gesi, televisheni, na cherehani. Tuliposoma mstari wa 11 aliomba Biblia, akausoma tena mwenyewe kwa kidole, akasema, "Kumbe Mungu alisema wasimame nje." Hakuongeza neno. Cherehani ndilo jiwe lake la kusagia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Walawi 25 nayo inakataza riba, lakini jicho lake liko mbali kuliko usiku wa leo na mlango wa leo. Inauliza ndugu yako alifikaje kwenye deni hilo, na inajibu kwa ardhi. Nchi ni ya Bwana, nyinyi ni wageni kwake (25:23), kwa hiyo shamba haliuzwi moja kwa moja. Kila mwaka wa 50, mwaka wa yubile, kila mtu hurudi kwenye milki yake. Nyumba ndani ya mji wenye ukuta inaweza kukombolewa kwa mwaka mmoja tu, baada ya hapo imekwenda. Shamba haliendi, kwa sababu shamba ndilo linalomzuia mtu asirudi kukopa.

Kutoka inashughulika na usiku, Kumbukumbu na mlango, Walawi na miaka 50. Kwa watu wenye deni la wiki hii ningeanzia Kumbukumbu. Kwa kikundi cha vijana wanaogombania mashamba ya babu yao, Walawi 25 ndiyo yenye kazi.

Mtumwa

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Hakuna mkusanyo hata mmoja kati ya hii unaofuta utumwa. Kutoka 21 inampa mtumwa Mwebrania miaka sita, wa saba anatoka bure. Lakini binti aliyeuzwa na baba yake hatoki kama watumwa wanaume, na mstari wa 20 na 21 unaohusu bwana anayempiga mtumwa wake ni mgumu kumeza. Walawi 25 inasema ndugu aliyeishiwa asitumikishwe kama mtumwa, awe kama kibarua mpaka yubile, kisha mistari michache mbele inaruhusu watumwa wa mataifa mengine warithishwe watoto. Usiruke mistari hiyo kikundini. Watu wataiona wenyewe, na wakikuta uliificha hawatakuamini tena kwenye mengine.

Kumbukumbu ndiyo iliyosogea zaidi. Sura ya 15 inamweka mwanamke na mwanamume sawa katika kuachiliwa, na inaongeza kitu ambacho Kutoka haina: usimwache aende mikono mitupu. Mpe kutoka zizini, mpe kutoka uwanja wa kupuria, mpe kutoka shinikizo la divai. Anayetoka utumwani bila mtaji atarudi utumwani mwaka ujao, na aliyeandika sheria hii alilijua hilo. Kwamba watu waliikwepa tunajua kutoka Yeremia 34: Yerusalemu ikiwa imezingirwa, mfalme Sedekia na wakubwa waliwaweka watumwa wao huru kwa kiapo, kisha wakawarudisha.

Na iko Kumbukumbu 23:15-16. Mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake akaja kwako, usimrudishe. Akae mahali atakapopapenda, usimwonee. Ili uone uzito wake, weka kando ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 KK, zilizochongwa kwenye lile jiwe jeusi lililopatikana Susa mwaka 1901 na sasa liko Louvre, Paris. Huko anayemficha mtoro nyumbani mwake anauawa. Mambo mengine yanafanana sana, kwa mfano ng'ombe anayejulikana kwa kupiga pembe na mwenyewe asimfunge. Yuko Babeli na yuko Kutoka 21. Kwa mtoro, Torati imekwenda njia yake peke yake.

Sisi wa pwani hatuwezi kuusoma mstari huo kama habari ya mbali. Rabai, karibu na Mombasa, misheni ilipokea watoro kutoka mashamba ya pwani. Mwaka 1888 mabwana walikuja kudai watu wao, na mwisho kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani ililipa fidia, watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Wapo watu leo ambao ukoo wao umeanza na karatasi hiyo.

Madhabahu na nyama

Kutoka 20:24-26 inataka madhabahu ya udongo, au ya mawe yasiyochongwa, kila mahali Bwana atakapolikumbusha jina lake. Kila mahali. Kumbukumbu 12 inasema mahali pamoja tu, patakapochaguliwa na Bwana. Kwingine kote pavunjwe. Walawi 17 inasema mnyama wa kuchinjwa aletwe mlangoni pa hema ya kukutania.

Tofauti hii ina historia yake. Wafalme wa Pili 22 na 23 inasimulia kwamba mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, yaani kama 622 KK, kuhani Hilkia alikuta kitabu cha torati hekaluni, na Yosia akavunja mahali pa juu pa ibada nchini kote. Wasomi wengi wanaona kitabu hicho kilikuwa Kumbukumbu au kiini chake. Huko Tel Arad, jangwani kusini, wachimbaji walikuta hekalu dogo la Yuda lenye madhabahu ya udongo na mawe ya asili, kama Kutoka inavyosema. Tel Beer-sheba, mwaka 1973, walikuta madhabahu yenye pembe nne, ya mawe ya kuchongwa, imevunjwavunjwa na mawe yake yamejengewa ukutani. Watu waliabudu karibu na nyumbani kwao, kisha wakaambiwa waende Yerusalemu.

Tokeo moja dogo la amri hiyo napenda kulikumbusha kwa sababu linahusu chakula. Kama madhabahu ni moja na iko safari ya siku tatu, je, mtu wa kijijini ale nyama lini? Kumbukumbu 12 inajibu: chinja nyumbani kwako kadiri unavyotamani, mwenye najisi na aliye safi wale pamoja, ila damu usile, uimwage juu ya nchi kama maji.

Pasaka imepitia njia hiyo hiyo. Katika Kutoka 12 ni ya nyumbani: mwana-kondoo au mwana-mbuzi, damu kwenye miimo ya mlango, familia ndani. Kumbukumbu 16 inakataza kuichinja kwenye malango yako. Nendeni mahali patakapochaguliwa. Baada ya hekalu kuangushwa na Warumi mwaka 70, Wayahudi wakairudisha mezani nyumbani, bila mwana-kondoo wa sadaka. Wasamaria, ambao mahali pao palipochaguliwa ni mlima Gerizimu, wanachinja kondoo wa Pasaka huko kila mwaka mpaka leo. Wakristo wengi huiona ndani ya Meza ya Bwana. Kwa kikundi kinachotaka kuelewa ibada ilivyohama kati ya nyumba na hekalu, ningesema someni Kutoka 12 na Kumbukumbu 16 siku moja, Biblia mbili zikiwa wazi.

Zaka

Hapa patachukua muda, mjiandae.

Mahubiri mengi ya zaka tunayoyasikia yanatoka Malaki 3. Watu wachache wamesomewa sheria yenyewe, na sheria yenyewe haiko moja. Walawi 27:30-33 inasema sehemu ya kumi ya nafaka na matunda ni ya Bwana, na ya mifugo ni kila mnyama wa kumi anayepita chini ya fimbo ya mchungaji, awe mzuri au mbaya, usichague. Hesabu 18 inasema zaka ni ya Walawi, watu wa kabila la Lawi wanaohudumu hemani, kwa sababu hawakupewa ardhi, nao wanatoa sehemu ya kumi ya hiyo kwa makuhani.

Kumbukumbu 14:22-29 inasema kitu ambacho kilifanya kikundi chetu kinyamaze. Mkulima anatenga sehemu ya kumi, anaipeleka mahali palipochaguliwa, na anaila. Yeye na nyumba yake, mbele za Bwana, kwa furaha. Kama njia ni ndefu, auze, afunge fedha mkononi, aende, anunue chochote nafsi yake inachotamani: ng'ombe, kondoo, divai, kileo. Mlawi wa kijijini kwao asimsahau. Na kila mwaka wa tatu haendi popote. Zaka yote inawekwa ndani ya malango ya mji wake, na Mlawi, mgeni, yatima na mjane wanakuja kula na kushiba.

Marabi wa Kiyahudi waliziunganisha sheria hizi kwa kuhesabu zaka zaidi ya moja: ya kwanza ya Walawi, ya pili ya kuliwa Yerusalemu, na ya maskini mwaka wa tatu na wa sita wa kila mzunguko wa miaka saba. Hiyo ni njia ya kuheshimu aya zote bila kuitupa hata moja. Makanisa yetu mara nyingi yamechukua ya Walawi na kuziacha hizo mbili nyingine. Mimi natoa kanisani na sitaki mtu aache kutoa kwa sababu ya maneno yangu. Nasema tu kwamba anayefundisha zaka bila Kumbukumbu 14 hajafundisha zaka yote, na wa kwanza kupungukiwa ni mjane aliye langoni.

Kiswahili chenyewe kina habari hapa. Neno letu "zaka" limetoka Kiarabu, na kwa Waislamu zaka ya fedha ni asilimia mbili na nusu. Neno la Kiarabu linalomaanisha sehemu ya kumi tunalo pia, lina undugu na neno la Kiebrania la zaka, nalo ni "ushuru". Leo tunalilipa bandarini.

Kile ambacho Walawi peke yake inacho

Mpaka sasa nimeipendelea Kumbukumbu, na sitaficha. Lakini liko jambo ambalo Kumbukumbu na Kutoka hazikufikishi: mtu aliyefanya kosa, analijua, halali usingizi. Kumbukumbu itamweleza haki. Walawi itamwambia afanye nini kesho asubuhi.

Soma sura ya 1 polepole. Mtu analeta mnyama wake mwenyewe. Anaweka mkono wake juu ya kichwa chake. Anamchinja yeye, siyo kuhani. Kuhani anapokea damu. Soma sura ya 5 na utaona jinsi mlango unavyopanuliwa. Aliyekosa alete mwana-kondoo jike au mbuzi jike. Hana uwezo? Hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hata hao hana? Alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kiasi cha lita mbili na kidogo, asitie mafuta wala ubani. Hakuna damu yoyote katika sadaka hiyo ya mwisho, na bado andiko linasema atasamehewa, kwa maneno yale yale kama mwenye mbuzi. Mariamu mama wa Yesu alipotimiza siku zake za kutakasika alileta ndege wawili (Luka 2:24). Ukijua Walawi 12:8 unajua nyumba ile ilikuwa na uwezo gani.

Kwa wanawake wetu sura hiyo ya 12 si ngeni kama inavyoonekana kwa wengine. Siku saba na thelathini na tatu kwa mtoto wa kiume ni arobaini kamili, na sisi arobaini ya mzazi tunaijua. Swali litakuja kwa mtoto wa kike, ambaye siku zake ni themanini. Andiko halitoi sababu, na nawashauri viongozi wasiitunge.

Na sura ya 16, mbuzi wawili wanapigiwa kura. Mmoja wa Bwana, mwingine wa Azazeli. Haruni anaweka mikono yote miwili juu ya aliye hai, anakiri maovu ya taifa, na mtu anampeleka nyikani. Tunaposema fulani amefanywa mbuzi wa kafara tunatoka hapo, na "kafara" yenyewe ina mzizi mmoja na "kippur", neno la Kiebrania la siku hiyo ya upatanisho. Wakristo wanaousoma Waebrania 9 na 10 bila kuisoma sura hii wanasikia jibu kabla ya kuulizwa swali.

Sura ya 19 ndiyo inayonifanya nimkatalie anayegawa Torati katika mafungu matatu safi, maadili huku, ibada huko, serikali kule, kisha akabakiza fungu moja. Mgawo huo una historia ndefu katika makanisa na una msaada wake, lakini sura ya 19 haiujui. Nyama ya sadaka ya amani isiliwe siku ya tatu. Pembe za shamba waachiwe maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mpende jirani yako kama nafsi yako. Usivae nguo ya nyuzi za aina mbili. Mgeni akae kama mzalia na umpende kama nafsi yako. Mizani iwe ya haki. Yote kwa pumzi moja. Mkulima aliyewahi kununuliwa mzigo wake kwa lumbesa, gunia limevimba mpaka kilemba juu na bei ni ya gunia moja, ataishika hiyo ya mwisho kuliko mhubiri.

Jihadhari na sura ya 13 na 14. Neno "ukoma" katika Biblia zetu linafasiri neno la Kiebrania linalogusa pia nguo na kuta za nyumba, na ukoma wa hospitali haushiki ukuta. Wamo watu waliofukuzwa na jamaa zao kwa jina hilo. Lieleze kabla hujalisoma.

Inamhusu nani leo

Swali hili litaulizwa wiki ya kwanza. Wakristo hawajalijibu kwa sauti moja. Matendo 15 iliwapa waamini wa mataifa mambo manne tu. Waadventista wa Sabato wanashika Sabato na vyakula vya Walawi 11. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia nalo halili nguruwe, na linaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste wengi wanasoma sheria za vyakula kama zilizotimizwa. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekaa karibu na Mbale, aliisoma Torati mwenyewe na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Jamii aliyoianzisha, Abayudaya, ipo Uganda hadi leo. Kikundi chenye watu wa madhehebu tofauti kisianze na Walawi 11. Mtatumia mwezi mzima kwa nguruwe.

Basi nichague ipi?

Mkiwa na wiki nne tu, chukueni Kitabu cha Agano cha Kutoka, kimalizeni, na msimame hapo. Kinafaa vijana na watu wapya, na ubishi wake ni wa kawaida: nani alipe, kiasi gani, kama alijua au hakujua.

Mkiwa na miezi mitatu, na watu wenu ni wa soko, vikoba, vibarua na kodi ya nyumba, chukueni Kumbukumbu 12 hadi 26. Ugumu wake upo na ni mzito: mtoto mkaidi wa sura ya 21, na amri ya kutomwacha hai yeyote katika miji ya Wakanaani, sura ya 20. Tengeni jioni nzima kwa hiyo ya pili, asiwepo anayeitumia kumlenga jirani yake wa leo.

Walawi mfanye na watu wachache, saba au wanane, ambao wamekwisha kusoma mmoja kati ya hiyo miwili. Msianzie sura ya 1. Anzeni na ya 19, mwende 25, mrudi 16, halafu 1 hadi 7. Wayahudi wana desturi ya zamani ya kuwaanzishia watoto masomo kwa kitabu hiki, wakisema walio safi waje washughulike na vilivyo safi. Watoto wana uvumilivu ambao sisi watu wazima tumeupoteza. Mtu mmoja anayebeba kosa la siri ni sababu tosha ya kubadilisha mpango na kumsomea sura ya 5 leo leo, hata kama kikundi kizima kiko Kutoka.

Sisi tulipoanza upya tulichukua Kumbukumbu, na jioni ya kwanza nilisoma 24:6-22 tu, kwa sauti, bila maelezo. Kisha nikauliza swali moja: katika mistari hii, nani yuko ndani ya nyumba na nani amesimama nje? Tulikaa hapo mpaka saa tatu usiku.